Jina Moja kwenye Uso wa Saa: Henry Graves na Nyumba ya Patek Philippe

Uaminifu wa mkusanyaji wa saa za anasa kwa nyumba moja ya watengenezaji huelezwa mara nyingi kuwa ni suala la mapenzi au la majivuno, ilhali historia ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 inaonyesha kwamba ulitokana zaidi na namna saa hizo zilivyoagizwa na kuundwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Henry Graves, tajiri wa New York kutoka ukoo wa mabenki, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1953, ambaye kwa miaka mingi alipeleka maagizo yake makubwa kwa Patek Philippe ya Geneva, na ambaye nyingi kati ya saa alizoagiza zilichorwa nembo ya ukoo wake.

Nyumba hiyo iliasisiwa mwaka 1839 na Antoni Patek, mhamiaji aliyeikimbia Poland baada ya kushindwa kwa maasi ya 1830 na 1831 dhidi ya utawala wa Urusi, akishirikiana na Franciszek Czapek. Wawili hao walipotengana, mnamo 1845, nafasi ya Czapek ilichukuliwa na Mfaransa Jean Adrien Philippe, aliyekuwa amebuni njia ya kujaza saa na kupanga akrabu zake kwa kuzungusha kifundo kilichomo kwenye saa yenyewe, bila ufunguo wa pembeni. Kampuni ilipata jina lake la sasa mwaka 1851, mwaka ambao pia ilianza kuuza saa zake kupitia duka la vito la Tiffany la New York, ndiyo maana saa nyingi za Geneva zilizofika Marekani zilibeba majina mawili kwenye uso mmoja.

Hata hivyo, jina lililoandikwa kwenye uso wa saa halikuwa na maana kwamba kila kipande kilichomo ndani kilitoka chini ya paa moja. Kazi ya saa nchini Uswisi iligawanywa kwa muda mrefu miongoni mwa karakana ndogo, hasa zile za Vallée de Joux, bonde la milima ya Jura ambalo wakulima wake, wakizuiwa na theluji ya miezi mingi, walijifunza kuchonga magurudumu, springi na nyundo za kengele, na ujuzi huo ukarithishwa katika koo zilezile. Mashine za saa tata zilizouzwa na Patek Philippe zilitoka kwa sehemu kubwa katika karakana ya bonde hilo iliyoitwa Victorin Piguet, huku nyuso za saa zikitoka kwa mafundi wengine, na wajibu wa nyumba ya Geneva ukiwa kuchagua mikono, kusahihisha mwendo, kukamilisha na kuweka dhamana. Mnunuzi aliyekaa ng'ambo ya bahari ya Atlantiki hakuwa na njia ya kuwapima mafundi hao mmoja mmoja. Alichoweza kukipima ni jina lililowajibika kwa niaba yao, na akishalijaribu mara kadhaa bila kuvunjwa moyo, kuhamia kwingine kulikuwa kuanza upya kutafuta imani ambayo tayari alikuwa nayo.

Mwenzake Graves anayetajwa sana pamoja naye ni James Ward Packard, mhandisi wa Ohio aliyeanzisha utengenezaji wa magari ya Packard mwaka 1899, ambaye alipokea kutoka nyumba hiyohiyo, mwaka 1927, saa iliyoonyesha anga la mji wake wa Warren kwa nyota 500 za dhahabu. Packard alithamini ufundi wa mashine kuliko jina, na alikuwa na saa ya thamani iliyotengenezwa na Vacheron Constantin vilevile. Waandishi wa baadaye wamependa kuwasimulia wawili hawa kama mahasimu waliokuwa wakishindana, na simulizi hilo limeuza vitabu na saa pia, lakini tarehe zenyewe zinalipunguzia nguvu, kwa sababu Packard alifariki mwaka 1928, miaka mitano kabla ya Graves kukabidhiwa saa inayodaiwa kuwa ya ushindi.

Saa hiyo ya mfukoni iliagizwa mwaka 1925, ikakabidhiwa mwaka 1933 kwa faranga 60,000 za Uswisi. Ilikuwa na kazi za ziada 24, kazi ya ziada ikiwa ni chochote kinachotendwa na saa zaidi ya kuonyesha saa, dakika na sekunde: iligonga kengele kwa mlio wa Westminster, ilionyesha mawio na machweo ya New York, ilihesabu saa za nyota, yaani muda unaopimwa kwa mzunguko wa dunia kulinganishwa na nyota badala ya jua, na ilichora anga la usiku la mji huo. Hakuna saa iliyoizidi kwa wingi wa kazi hadi Patek Philippe yenyewe ilipotoa Calibre 89 mwaka 1989.

Kati ya agizo na makabidhiano, mdororo wa uchumi uliotikisa dunia ulikuwa umeidhoofisha kampuni kiasi cha kununuliwa, mwaka 1932, na Charles na Jean Stern, ndugu waliokuwa wakiiuzia nyuso za saa. Graves, basi, aliagiza kwa wenyewe wa awali na kupokea kutoka kwa wenyewe wapya, na waliomkabidhi walitoka katika safu ileile ya mafundi ambao majina yao hayakuonekana.

Uaminifu wa aina hiyo ulibadilika sura ulipoingia minadani. Mjukuu wa Graves aliiuza saa hiyo mwaka 1969 kwa dola 200,000 kwa Seth Atwood, mwenye jumba la makumbusho ya saa huko Rockford, Illinois. Mwaka 1999 ilinunuliwa na Sheikh Saud bin Mohammed Al-Thani wa Qatar kwa dola milioni 11. Na Novemba 2014, siku mbili baada ya kifo chake, ikauzwa Geneva kwa faranga 23,237,000. Kampuni nayo ilikuwa imegeuka mkusanyaji wa jina lake yenyewe, ikishindana minadani na wateja wake: saa ya Packard yenye anga la Warren ilikwisha kuinunua tena mwaka 1988, na tangu 2001 makusanyo hayo yana makumbusho yake Geneva.