Umri wa Saa ya Babu na Madai ya Nyumba Mbili

Katika mwaka huu wa taarifa yetu, halmashauri ililetewa jambo lisilo la ada wala la mazishi, nalo ni saa ya mfukoni ya fedha iliyoachwa na babu wa mmoja wa wanachama wetu. Babu huyo alikuwa na nyumba mbili. Nyumba kubwa yasema alipewa saa hiyo na mkubwa wake wa kazi reli ilipofika Kisumu, Desemba 1901, kabla hajaoa mke wa pili. Basi ni yao. Nyumba ndogo yasema aliinunua kwa mshahara wake wa uchukuzi wa Kariokor, baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, naye siku hizo alikuwa akikaa kwa mama yao. Tuliombwa tuamue. Hatukuona vema kuamua kwa wingi wa sauti, maana saa hubeba ushahidi wake mwilini. Tukamwita fundi aifungue.

Saa ina mambo mawili ambayo aghalabu watu huyachanganya: mashine, na kasha liifunikalo. Vyaweza kutoka nchi mbalimbali, na ndivyo ilivyo hapa. Juu ya mashine pameandikwa Waltham, mji wa Massachusetts huko Marekani, ambako kampuni iliyoanza 1850 ilihamia 1854, ikaunda saa kwa mitambo hata 1957. Kila mashine ilipigwa namba kwa taratibu, na orodha za namba hizo zimehifadhiwa. Namba ya saa hii imepita kidogo milioni 17, nayo ni ya karibu na mwaka 1908.

Kasha ni la Uingereza. Ndani ya mfuniko wa nyuma mna herufi A.L.D., simba atembeaye, nanga, na herufi moja ya mwaka. Simba ni ahadi kwamba katika sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha safi. Nanga ni alama ya Birmingham, ingawa mji huo hauna bahari. Wazee wawili walioiona walisema bila shaka saa ilikuwa ya baharia. A.L.D. ni Aaron Lufkin Dennison, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kile kile cha saa cha Marekani, ambaye baadaye alihamia Birmingham na kuanzisha kazi ya makasha. Alama yake iliendelea kupigwa hata baada ya kufa kwake, 1895.

Herufi ya mwaka ndiyo iliyotaka uangalifu. Alfabeti ikiisha huanza upya, kwa hiyo herufi moja yaweza kuwa ya miaka iliyoachana sana. Sura yake na umbo la ngao iliyoizunguka ndivyo vitenganishavyo. Tena zamani ilibadilishwa katikati ya mwaka, si Januari. Hii ni ya 1908 kuingia 1909. Kichwa cha mfalme au malkia, kilichokuwa alama ya kodi hadi 1890, hakimo.

Basi saa iliyoundwa 1908 haikuweza kutolewa zawadi 1901. Dai la nyumba kubwa juu ya siku ile limeanguka, nasi tuliwaambia waziwazi mbele ya wazee. Lakini haifuati kwamba nyumba ndogo imethibitisha neno lake. Mwaka wa kuundwa si mwaka wa kununuliwa. Saa yaweza kukaa dukani, au kupita mikono mitatu, kabla ya kuingia mfukoni mwa mtu wetu. Yawezekana pia babu alipewa zawadi nyingine 1901, na watoto wakaunganisha hadithi mbili. Kumbukumbu ya wazee hatuiiti uongo.

Kisha fundi alituonyesha mikwaruzo myembamba ndani ya mfuniko, ambayo mafundi huandika kwa ncha ya chuma wanapotengeneza saa iliyoharibika. Mmoja wasomeka 1913. Kwa hiyo ilikuwa imekwisha kutumika kabla ya vita, na kama babu aliinunua baadaye, hakuinunua mpya.

Saa imo mikononi mwa mzee wa ukoo mpaka kikao cha nyumba zote mbili. Mwenye barua, risiti, au picha ya babu akiwa na mnyororo wa saa kifuani, amwonyeshe katibu kabla ya kikao hicho. Na wanachama wengine wenye saa za urithi twawasihi wasizisugue kwa majivu, maana chapa hufutika, wala wasibandue mfuniko kwa kisu.