Askari Wanane wa Aina Moja

Kete za sataranji ni 32, na nusu yake ni askari. Mtu anayeamua kujitengenezea seti nyumbani kwa sanamu za kuchezea huwa hawafikirii hao kwanza. Huanza na mfalme, kisha malkia, kisha akabishana na rafiki zake nani awe farasi. Askari hukumbukwa mwishoni, na hapo ndipo kazi inapokwama.

Chukua sanamu za Star Wars. Filamu ilipotoka Marekani Mei 1977, kampuni ya Kenner, iliyokuwa na haki ya kutengeneza sanamu zake, haikuwa tayari. Krismasi ikafika na maduka hayana hata moja, ikabidi Kenner iuze bahasha ya kadibodi yenye cheti: lipa sasa, sanamu nne zitakuja kwa posta mwakani. Watu walinunua ahadi. Mwaka 1978 zikatoka 12 za kwanza, za plastiki, nyingi zikiwa na urefu wa kama sentimita 9.5. G.I. Joe wa 1964, askari maarufu wa kuchezea nchini humo, alikuwa na sentimita 30 na nguo za kitambaa za kumvalisha. Udogo wa sanamu mpya uliwezesha kutengeneza vyombo vya angani vinavyolingana nazo. Na nyuma ya kadi zilichapishwa picha za zote 12, ili mtoto mwenye tatu ajue amekosa tisa.

Sasa, sentimita 9.5 ndiyo urefu ambao FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, linaupendekeza kwa mfalme. Askari anapendekezewa sentimita 5. Yaani ukizipanga sanamu za Kenner ubaoni, karibu kila mmoja ana kimo cha mfalme. Huna watu wadogo.

Huna malkia wa pili pia. Kati ya wale 12, mwanamke ni mmoja tu, Leia. Upande wa Darth Vader hauna wa kukaa ubavuni mwake. Hili lina jibu la kale kuliko filamu. Neno sataranji limetujia kupitia Kiarabu, na kamusi zetu bado zinamwita mfalme wa mchezo huu shaha, neno la Kiajemi. Ubavuni mwa shaha hapakuwa na mke. Palikuwa na waziri, aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Ulaya ndiyo iliyomgeuza malkia, na nguvu anazotumia leo alizipata mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo ukimweka ofisa wa kijeshi karibu na Vader hujavunja mila, umeirudia.

Turudi kwa askari. Mkusanyaji wa sanamu hutaka mmoja wa kila aina. Sataranji hutaka wanane wa aina moja. Upande wa Vader jambo ni rahisi: stormtrooper, mwenye vazi jeupe na uso uliofunikwa, ukinunua wanane hakuna atakayeshangaa. Upande wa pili ndiko kuna shida. Katika 12 za mwanzo, waasi hawana askari wa kawaida hata mmoja. Kila aliye na Luke ana jina lake. Sanamu ya askari wa waasi ilikuja na filamu ya 1980. Kabla ya hapo, mtengenezaji angewakimbilia Jawa, wachuuzi wa vyuma chakavu wa jangwani, ambao kwenye filamu hawapigani vita vya mtu. Unawaandikisha jeshini kwa sababu ni wafupi.

Mchongaji wa zamani alikutana na swali hilohilo. Mwaka 1831 katika kisiwa cha Lewis, Scotland, zilipatikana kete za karne ya 12, nyingi zimechongwa kwa pembe za walarasi, mnyama wa bahari za baridi. Malkia ameshika shavu kama aliyepokea habari mbaya. Baadhi ya walinzi wa ngome wanang'ata ngao zao kwa hasira ya vita. Kila mmoja ana macho. Isipokuwa askari: hao ni vijiwe tu vilivyosimama wima, vinavyofanana na mawe ya makaburi.

Natalia Danko, mchongaji wa Kirusi, alijaribu kusahihisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, katika kiwanda cha kauri cha Petrograd kilichowahi kuwa cha wafalme, alibuni sataranji ya Wekundu na Weupe. Mfalme mweupe ni kiunzi cha mifupa kilichovaa joho la kifalme. Mfalme mwekundu ni mfua chuma mwenye nyundo. Askari weupe wamefungwa minyororo. Wekundu ni wavunaji wenye mundu. Ni propaganda, tena ya wazi, lakini naipenda kuliko seti nyingi za kifahari kwa sababu Danko aliwaanza kuwafikiria wale wa mstari wa mbele. Hata hivyo wavunaji wake ni nakala za mtu mmoja. Mchezo haukumruhusu zaidi ya hapo.

Ila mchezo wenyewe una kanuni moja inayomtambua askari: akifika mstari wa mwisho, anageuka kete kubwa. Kwenye seti ya sanamu unahitaji mtu wa kumbadilisha naye. Mwaka 1985, mauzo yakiwa yameshuka na watoto wamehamia kwingine, Kenner ilitoa sanamu ya Luke ndani ya vazi la stormtrooper, kama alivyojificha kwenye filamu ya kwanza. Ukiipanga na wale wanane huioni tofauti yake. Kisha unamvua helmeti, na chini yake kuna uso.