Kichwa cha Kisima katika Historia ya Upasuaji wa Miamba kwa Maji nchini Marekani

Historia ya upasuaji wa miamba kwa maji huelezwa zaidi kwa kutazama yanayotendeka chini ya ardhi. Insha hii inashikilia kwamba mageuzi yake yanasomeka pia juu ya ardhi, katika kichwa cha kisima, yaani mkusanyiko wa vali unaotawala mdomo wa kisima.

Tarehe 10 Januari 1901, huko Spindletop, Texas, mafuta yalifoka kwa kiasi kilichokadiriwa kuwa mapipa 100,000 kwa siku. Zilipita siku tisa kabla ya kisima kufungwa. Hatari ilikuwa dhahiri: shinikizo litokalo chini. Mwaka 1922 James Abercrombie na Harry Cameron walibuni kifaa chenye vibanio vya chuma vinavyosukumwa kutoka pande mbili, vikaziba nafasi inayolizunguka bomba la kuchimbia.

Upasuaji wa miamba uligeuza mwelekeo huo. Jaribio la kampuni ya Stanolind mwaka 1947, katika eneo la gesi la Hugoton, Kansas, halikuongeza sana uzalishaji. Hata hivyo, tarehe 17 Machi 1949 kampuni ya Halliburton ilianza kazi hiyo kibiashara katika majimbo ya Oklahoma na Texas. Sasa shinikizo lilitoka juu, likisukumwa na pampu, nalo lilibeba mchanga. Chuma kilichostahimili nguvu kikalazimika kustahimili pia kusagwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Mitchell Energy ilipofanikiwa katika miamba ya Barnett kwa kutumia maji mengi, mahitaji hayo yaliongezeka. Kichwa cha kisima cha kazi hii huwa na midomo kadhaa ya kupokea mabomba ya pampu, na huundwa kuhimili paundi 10,000 au 15,000 kwa inchi ya mraba. Kazi ikiisha, huondolewa na kukaguliwa, kisha chepesi zaidi hufungwa kwa ajili ya uzalishaji.

Chini yake huwekwa vali kuu mbili. Ya juu ndiyo hutumika kila siku. Ya chini huhifadhiwa isichakae, ili ifunge ya kwanza ikishindwa. Mpangilio huo ni ushahidi wa kihistoria: unakiri kwamba chuma huchoka. Anayeandika historia ya nishati kwa kuhesabu mapipa pekee humsahau mfanyakazi ambaye uhai wake hutegemea vali hiyo ya pili.