Epictetus na Frere Town: Uhuru ni wa nani?

Mwanafalsafa Epictetus alizaliwa katika karne ya kwanza mjini Hierapolis, ulioko Uturuki ya leo, akaishi Roma akiwa mtumwa. Baada ya kupewa uhuru alifundisha Nicopolis, Ugiriki. Hakuandika hata kitabu kimoja. Mafunzo yake yalihifadhiwa na mwanafunzi wake, Arrian. Alishikilia kwamba bwana aweza kuufunga mwili wa mtumwa, lakini hiari yake haifungiki.

Swali la uhuru lilibisha hodi Kisauni pia. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Frere Town, makazi ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Uingereza. Kengele iliyowatahadharisha wakazi dhidi ya wavamizi ingali imesimama Kongowea. Hapo ndipo alipotokea James Juma Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilichapishwa mwaka 1934.

Kitabu hicho kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Ni kasoro kubwa, kwani watumwa wengi hawakungoja manowari: walitoroka mashamba ya pwani wakajificha Rabai na Fuladoyo, miaka mingi kabla ya sheria kuufuta utumwa mwaka 1907. Wao ndio waliokuwa karibu zaidi na Epictetus.

Hata hivyo, Mbotela alihifadhi simulizi ambazo wazee wa Frere Town wangezikwa nazo, kama Arrian alivyomfanyia mwalimu wake. Watoro wa Fuladoyo hawakumpata Mbotela wao.