Ekseli Iliyovunjika Kama Waraka wa Historia

Utangulizi

Vitabu vinavyoeleza historia ya usafiri Afrika Mashariki kwa kawaida huanza na reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901. Kisha huja barabara, halafu ndege. Gari likitajwa, hutajwa jina la kampuni iliyoliunda na jina la mtu aliyeliendesha. Vyuma vilivyo chini ya gari havipati hata aya moja.

Insha hii inaanzia huko chini. Ninajadili ekseli za magari ya kuendeshwa nje ya barabara, na jinsi zilivyoimarishwa hadi gari likaweza kutambaa juu ya miamba. Hoja yangu ni kwamba historia hii haikuwa safari ya kutoka kwenye udhaifu kwenda kwenye nguvu. Kila ekseli ilipoimarishwa, udhaifu ulihama ukaenda kukaa mahali pengine, na mara nyingi mtu wa kwanza kuuona alikuwa fundi aliyelala chini ya gari.

Ekseli na kazi yake

Ekseli ni mhimili unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Katika magari ya kazi ngumu ni bomba nene la chuma lililobeba uzito wa gari. Kwenye bomba hilo kuna uvimbe wa mviringo unaofunika difu. Ndani ya difu nguvu ya injini hugeuzwa mwelekeo na kugawanywa, kisha shafti mbili, moja kila upande, huipeleka kwenye magurudumu.

Difu ina fadhila moja na kasoro moja. Fadhila yake ni kwamba gari likikata kona, gurudumu la nje linaweza kuzunguka haraka kuliko la ndani, na tairi hazikwaruzi barabara. Kasoro yake huonekana kwenye mawe. Gurudumu moja likining'inia hewani, huzunguka bure, na lile lililokanyaga jiwe halipati nguvu ya kutosha kusogeza gari. Dereva anaweza kukanyaga mafuta mpaka injini ilie, gari lisiende popote.

Dawa yake ni kufunga difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Lakini hapo shafti iliyozoea kubeba nusu ya nguvu huweza kubebeshwa yote kwa mpigo, nayo hukatika. Ukiweka shafti nene zaidi, meno ya difu ndiyo yanayovunjika. Ukibadilisha difu kwa kubwa zaidi, uvimbe wake hushuka karibu na ardhi na kugonga mawe. Ukiweka tairi kubwa ili kuinua gari, tairi hizo zinadai nguvu nyingi zaidi kutoka kwenye shafti zilezile. Mzunguko unarudi ulikoanza.

Chuma kinavyosomeka

Baba yangu mdogo ni fundi wa magari Gatsata, upande wa kaskazini wa Kigali, ambako karakana na maduka ya spea yamejipanga pande zote za barabara. Ukutani ameegemeza shafti zilizovunjika, kati yake zikiwemo za Land Cruiser na Land Rover. Nilidhani ni vyuma chakavu vinavyosubiri mnunuzi, mpaka nilipomuuliza.

"Mwanangu, hizi ni barua," aliniambia. "Kila moja inaeleza ilivyokufa."

Alinionyesha tofauti. Shafti iliyokatika kwa kuzidiwa nguvu ghafla huwa imejisokota kwanza: mifereji iliyo kwenye ncha yake, ambayo kiwandani ilichongwa ikiwa imenyooka, huwa imepinda kama kamba. Hiyo ni ya dereva aliyekanyaga mafuta huku gurudumu limebanwa. Shafti iliyokufa kwa uchovu haijasokotwa. Sehemu ilipokatika ina mistari ya mviringo, mmoja baada ya mwingine, kama pete za gogo la mti. Ufa ulianza mdogo, ukawa unakua siku hadi siku, mpaka kipande kilichobaki kikashindwa kubeba mzigo. Hiyo ni ya gari lililopakiwa kupita kiasi kwa muda mrefu.

Katika masomo ya historia tunafundishwa kutofautisha chanzo cha mbali na chanzo cha karibu cha tukio. Sijaona mfano ulio wazi kuliko shafti hizo mbili. Baba mdogo hakusomea historia wala uhandisi wa metali, lakini anasoma waraka ambao wengi wetu hatujui kama ni waraka.

Miaka ya vita na baada yake

Gari dogo linaloendeshwa na magurudumu yote manne lilienea duniani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marekani iliunda zaidi ya Jeep 600,000 kwa ajili ya vita hivyo. Mwaka 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, na gari hilo likawa la kawaida katika makoloni ya Uingereza, yakiwemo Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1951 Toyota nayo iliunda gari lililokuja kupewa jina la Land Cruiser mwaka 1954.

Mwaka 1953 una mambo mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. California, wenye Jeep walikusanyika kuvuka njia ya mawe iitwayo Rubicon katika mkutano wao wa kwanza, ambao umekuwa ukifanyika kila mwaka tangu hapo. Mwaka huohuo Afrika Mashariki ilianzisha mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yale tunayoyajua leo kama Safari Rally. Kule gari lilipimwa kwa kutambaa, huku likapimwa kwa mbio.

Safari Rally ilitupa mashujaa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kabla ya kuwa dereva maarufu alikuwa fundi katika karakana ya baba yake. Alijua sauti ya chuma kinachokaribia kukatika, na ujuzi huo ni sehemu ya ushindi wake.

Wakati huo Land Rover yenyewe ilikuwa ikibadilika. Katika Series II, iliyotoka mwaka 1958, uzito wa gari ulikaa juu ya bomba la ekseli, na shafti ikabaki na kazi ya kuzungusha tu. Shafti ya nyuma ikikatika porini, fundi aliweza kufungua bolti za kwenye gurudumu, akavuta vipande nje, na dereva akarudi nyumbani kwa nguvu ya magurudumu ya mbele. Hata hivyo shafti zilibaki nyembamba na ziliendelea kukatika. Miaka ya 1970 Land Rover ndefu zikapewa ekseli ya nyuma iitwayo Salisbury, nene na yenye difu kubwa. Shafti zikapona, lakini uvimbe ukashuka chini zaidi na ekseli ikawa nzito. Mwaka 1983 ikatoka Land Rover yenye springi za duara badala ya springi za mabamba, na ekseli ikaweza kupanda na kushuka zaidi ili tairi zisiachane na ardhi.

Miamba ya Kenya

Kutambaa juu ya miamba kulipata makao Afrika Mashariki kwa sababu ya faru. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na faru weusi wapatao 20,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ujangili ulikuwa umewapunguza hadi chini ya 500. Mwaka 1988 Ken Kuhle alianzisha shirika la Rhino Ark ili kujenga uzio wa umeme kwenye milima ya Aberdare, na mwaka uliofuata yakaanza mashindano ya kuchangisha fedha yaitwayo Rhino Charge.

Kanuni zake ni kinyume cha Safari Rally. Washindani wana saa 10 kufika vituo 13 vilivyotawanyika porini, na mshindi ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi. Kasi haihesabiwi. Wahenga walisema pole pole ndio mwendo, na hapa msemo huo umekuwa sheria ya mchezo. Dereva anayezunguka korongo anaongeza umbali. Anayeshuka ndani yake na kupanda upande wa pili anaupunguza. Kwa hiyo ekseli imara inapimwa kwa mita.

Ndiyo maana magari mengi ya Rhino Charge yameundwa upya karakanani. Difu hufungwa, baadhi kwa kutumia hewa, teknolojia ambayo kampuni ya ARB ya Australia iliisambaza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mabomba ya ekseli huongezewa mabamba kwa kuchomelea. Shafti hukerezwa upya kwa chuma kigumu zaidi. Wapo wanaotafuta ekseli za aina ya Unimog, ambazo bomba lake liko juu kuliko kitovu cha gurudumu, na gia zilizo karibu na tairi hupunguza mzigo wa shafti. Tatizo la uvimbe linaisha. Linaibuka lingine: gari limenyanyuka, na kwenye mteremko wa pembeni ni rahisi kupinduka.

Fedha za mashindano hayo zilisaidia kukamilisha uzio wa Aberdare mwaka 2009, ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Mwanzoni ulikusudiwa kulinda eneo la mashariki tu, baadaye ukazunguka mlima mzima. Naona hapa mantiki ileile ya ekseli: ukiimarisha upande mmoja, tatizo hutafuta upande uliobaki. Sisi Rwanda tunalijua jambo hili kwa njia yetu. Uzio wa Akagera, wa kilomita 120 hivi, ulikamilika mwaka 2013 bila mashindano ya magari, na mwaka 2017 faru weusi wakarejeshwa humo. Lakini uzio wowote una jirani anayeishi upande wa pili, aliyezoea kuokota kuni na kuchunga ng'ombe ndani. Kwake uzio unazuia tembo wasile mahindi, na pia unamzuia yeye. Mtu anayetumia fedha nyingi kwenye ekseli kwa ajili ya mashindano ya siku moja, na jirani huyo, wote wawili wamo katika historia hii. Haitoshi kumwandika mmoja.

Lugha ya karakana

Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda. Kabla ya hapo wengi wetu tulikisikia kama lugha ya Nyamirambo, ya wafanyabiashara na ya madereva wa malori, na si wote waliokitaja kwa heshima. Kinyarwanda kilichukua neno fundi kikalifanya umufundi, yaani mwashi, na fundi wa magari akaitwa umukanishi, kutoka Kifaransa. Hata hivyo, karakanani Gatsata nimesikia difu, shafti, springi, beringi na kukereza vikitajwa na watu wasiowahi kuingia darasa la Kiswahili. Maneno hayo yalisafiri na malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na yanaeleweka kote njiani. Lugha iliyobeba ujuzi mgumu kiasi hicho haikungoja sheria ili iwe na hadhi.

Hitimisho

Nimeeleza kwamba kuimarisha ekseli ni kuhamisha udhaifu, na kwamba ujuzi wa kuufuata huo udhaifu umehifadhiwa zaidi mikononi mwa mafundi kuliko vitabuni. Jambo hili lina uzito kwetu kwa sababu kizazi cha mafundi waliofungua Land Rover za miaka ya 1960 na 1970 kinazeeka. Idara zetu za historia zina desturi nzuri ya kurekodi wazee wanaokumbuka wafalme na vita. Napendekeza kinasa sauti kilekile kipelekwe Gatsata, na maswali yaulizwe kwa Kiswahili, kabla shafti zile hazijauzwa kwa kilo.