Saratani ikifika kwenye ubongo, CT scan huonyesha nini?

Mgonjwa akitoka Holili kwenda Moshi kupigwa CT scan ya kichwa, ndugu hurudi na majibu yanayotisha: "madoa mengi kwenye ubongo". Wengi hukata tamaa hapo hapo. Lakini si kila doa ni kansa.

Saratani hii haianzii kichwani. Seli zake husafiri kwa damu kutoka kwingine, hasa mapafu, matiti, ngozi, figo au utumbo mpana.

Daktari anaangalia nini kwenye picha?

Idadi na mahali. Mara nyingi madoa ni zaidi ya moja, ya mviringo, na hukaa pale tabaka la juu la ubongo linapokutana na sehemu nyeupe ya ndani. Mishipa ya damu hapo ni myembamba, seli hukwama.

Uvimbe wa maji. Huonekana kama eneo jeusi lililotawanyika mfano wa vidole. Hata doa dogo huweza kuleta uvimbe mkubwa.

Mng'ao. Bila dawa, doa linaweza kufanana na ubongo wenyewe na lisionekane. Dawa yenye ayodini ikichomwa mshipani, doa hung'aa lote, au pembeni tu kama pete.

Damu. Damu mpya huonekana nyeupe hata kabla ya dawa. Kansa ya figo na ile ya ngozi iitwayo melanoma huvuja damu mara nyingi.

Tatizo ni kwamba pete hiyo hutokea pia kwenye jipu, kifua kikuu cha ubongo, toksoplazma kwa wanaoishi na VVU, na viluwiluwi vya tegu wa nguruwe. Huko Mbulu, mkoani Manyara, watafiti walivikuta kwenye ubongo wa baadhi ya wagonjwa wa kifafa. Magonjwa yote haya yana tiba.

Ndiyo maana picha peke yake haitoshi. Daktari huhitaji historia ya mgonjwa, kipimo cha VVU, picha ya kifua, na pengine MRI, ambayo huona madoa madogo yanayoikwepa CT scan. Wakati mwingine hukatwa kinyama kikapimwe.

Kabla ya kipimo, mwambie daktari kama mgonjwa amewahi kuugua saratani, ana shida ya figo, anatumia dawa za kisukari, au aliwahi kudhurika na dawa ya kipimo. Ukipewa picha za zamani, nenda nazo.