Waliochora Ramani ya Machungu ya Kenya

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007, Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa urais na kuapishwa muda mfupi baadaye. Siku hiyohiyo serikali ya Kenya ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja redioni na kwenye runinga. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimezuka: nyumba zilikuwa zinachomwa, watu wanakimbia, na wananchi hawana pa kupata habari kamili.

Mwanasheria Ory Okolloh, mwandishi wa blogu ya Kenyan Pundit, alianza kupokea taarifa za wasomaji wake kuhusu ghasia hizo na kuzichapisha. Zikamzidi. Mapema Januari 2008 aliwaomba wataalamu wa kompyuta wamsaidie kuziweka kwenye ramani. Akajibiwa na David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich, na siku chache tu baadaye programu yao, Ushahidi, ikawa hewani. Yeyote mwenye simu aliweza kutuma meseji: hapa pamechomwa, hapa kuna maiti, hapa majirani wamekaa pamoja kutafuta amani.

Wengi husifu programu ile. Mimi nawasifu waliokesha wakichambua. Kila taarifa ilibidi ipimwe, ilinganishwe na habari za mashirika na vyombo vya habari, kisha ipewe mahali na tarehe. Kobia aliujua vizuri ubaya wa maneno yasiyochujwa: ukumbi wake wa mtandaoni, Mashada, ulivamiwa na matusi ya kikabila hadi akaamua kufunga mijadala, akafungua mahali pengine ambapo Wakenya waliandika kwamba hawana kabila. Kuamua lipi libaki na lipi liondoke kulikuwa kutetea uhai wa watu. Baadaye Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133.

Haiti ilipotikiswa na tetemeko Januari 2010, programu hiyo ya Kenya ilitumika kuonyesha waliokwama walipo. Meseji zilitumwa kwa namba 4636, na Wahaiti waishio ng'ambo wakazitafsiri kutoka Kikrioli.

Moyo uleule wa kuchambua habari kwa ajili ya wengine ulionekana tena mwaka 2024, vijana wa Kenya walipouchukua Mswada wa Fedha, wakaufafanua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok na X, wengine kwa lugha za mama zao, hata mzee wa kijijini akaelewa ushuru upi unamfuata. Tarehe 25 Juni waliingia barabarani kuupinga, na wengi hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.